Dakika Kumi na Moja za Mzee Zakayo

Nimedanganya watu wengi maishani mwangu, na wengi wao walinishukuru. Kilabu kizima cha ulanzi kinajua jinsi nilivyopanda bomba la inchi nane kama farasi, kutoka tangi la Lukandamila hadi bondeni, maji yakinisukuma kwa nyuma, nikafika ofisini kabla ya barua yangu ya kuomba likizo. Walicheka, wakaniongezea kikombe. Uongo wa namna hiyo ni kama moshi wa jikoni, unakera macho kidogo halafu unapotea. Huu ninaousimulia leo ulikuwa na namba ndani yake. Hapo ndipo nilipokosea.

Asubuhi ya Jumanne nilikuwa nyuma ya nyumba nabebesha miche ya parachichi, kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine. Mwanamke akasimama penye ua, overoli imekunjwa mikono, viatu vya kazi vina tope jekundu.

"Kamwene, Mzee."

"Kamwene, mwanangu. Unamtafuta nani?"

"Mzee Zakayo Nyagawa. Ila yule ninayemjua mimi ni mrefu zaidi."

"Walinirefusha pale chuoni. Sikuona sababu ya kubisha."

Yule anayemjua yeye ni Kivuli changu. Miaka tisa iliyopita Chuo cha Hewani kilinikalisha siku sitini mbele ya mashine, nikaulizwa kila nilichokijua kuhusu pampu, nikajibu hata nisichokijua. Kutokana na maneno yale wakanitengeneza mara ya pili. Sasa fundi yeyote wa Mtandao wa Maji wa Nyanda akivaa miwani ya kazi ananiona nimesimama kando ya pampu yake, mikono nyuma, namwelekeza. Mafundi elfu nne. Mimi niliyeishia darasa la saba, niliyejifundisha kusoma michoro ikiwa juu chini, mpaka siku fundi mkuu alipopita akanigeuzia karatasi.

"Naitwa Atukuzwe Mhema," alisema. "Mhandisi wa Kituo cha 206. Nimesoma kwako miaka mitatu."

"Basi kaa, mwanafunzi wangu. Chai ipo."

"Sikuja kunywa chai, Mzee. Nina swali moja. Kumi na moja uliipima wapi?"

Kisu kikateleza, nikakata kikonyo kizuri kabisa.

Hakuna fundi wa Nyanda asiyeijua kumi na moja. Umeme ukikatika na kurudi, usiwashe pampu mpaka zipite dakika kumi na moja, ili hewa itoke tumboni mwake. Imo kwenye mtihani. Imebandikwa ukutani katika kila kituo, kwa maandishi mekundu: Kanuni ya Mzee.

Ningeweza kusema kweli palepale, ua ukiwa katikati yetu na hakuna wa kusikia isipokuwa kuku. Badala yake mdomo ukaenda njia yake ya kila siku. "Hiyo ni ya Lukandamila, mwaka wa mvua kubwa. Kuna bwana mmoja aliwasha dakika ya kumi. Pampu ikang'oka na boliti zake, ikatoboa paa, ikaenda kutua kanisani katikati ya kwaya. Na bado ilikuwa inazunguka. Sauti ya nne yote ililowa."

"Kwenye miwani ilitua harusini," alisema Atukuzwe. "Bibi harusi akanyanyuka nayo."

Sikujua hiyo. Kumbe mwenzangu alikuwa anaitia chumvi bila mimi.

Atukuzwe akachuchumaa, akachukua kijiti, akaanza kuchora vitone kwenye udongo. "Jumatano ya wiki iliyopita umeme ulikatika Nyanda nzima. Haijawahi kutokea, siku zote hukatika kipande kipande. Uliporudi, vituo mia nne na kumi na moja vikasubiri dakika kumi na moja, vikawashwa kwa pamoja. Umeme ukazidiwa, ukakatika tena. Pampu zote zikasimama ghafla, maji yaliyokuwa yanapanda mlima yakarudi chini yakayapiga mabomba. Umeme ukarudi. Wakasubiri kumi na moja. Mara tatu, Mzee. Kila walipotii, utii wao uliuzima umeme."

"Mtandao una vituo mia nne na kumi na mbili."

"Kile kingine ni changu. Mimi nilifungua valvu kwa mkono, taratibu, nikawasha dakika ya nne. Niliona sindano ya presha inavyoruka, nikasema hapana. Mara ya tatu bomba la Kituo cha 209 likapasuka. Lameki Mbwilo alikuwa ndani ya chemba ameshika gurudumu la valvu." Akaonyesha juu kidogo ya kifundo cha mkono wake wa kulia. "Wamekata hapa."

Kuku mmoja akapita katikati ya vitone vyake. Hakumfukuza.

"Baraza la Mtandao linasema katika vituo vyote ni mimi peke yangu niliyevunja kanuni, kwa hiyo ni mimi niliyelipasua bomba. Ijumaa wananinyang'anya leseni. Sasa kama kumi na moja ilipimwa, nitakubali, nitakwenda kwa Lameki nikapige magoti. Kama haikupimwa, niambie."

"Acha niangalie kwenye madaftari yangu," nikasema.

Sina madaftari. Sijawahi kuwa nayo.

"Asante sana, Mzee," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Shukrani nilizowahi kupewa kwa uongo ni nyingi, lakini ile sikuweza kuimeza.

*

Miwani ya kazi ninayo, chuo kilinipa kama zawadi ya kuagwa. Sikuwahi kuivaa, nikiona haya, kama mtu anayejipigia hodi. Mchana ule nikaivaa sebuleni. Akatokea kando ya kabati la vyombo, overoli ya buluu imenyooshwa pasi, nywele nyeusi, kichwa kinakaribia taa.

"Karibu, mwanafunzi wangu," alisema kwa sauti yangu. "Leo tunafanya nini?"

"Kumi na moja imetoka wapi?"

"Swali zuri. Kuna bibi harusi mmoja wa Lukandamila..."

"Acha bibi harusi. Nipe ushahidi."

Hakuona haya hata kidogo. "Kwa miaka tisa, pampu zilizopumzika dakika kumi na moja zimewashwa mara milioni mbili na laki tatu. Zilizoharibika hazifiki mia."

"Na zilizopumzika dakika tano?"

"Hakuna. Wote wanatii."

"Sasa umejuaje kwamba tano ni mbaya?"

"Kwa sababu kumi na moja ni nzuri," alisema, na akanikonyeza. Ule mkonyezo ni wangu, niliuiba kwa mjomba wangu kabla sijaota ndevu.

Kisha akaniambia jambo lililonikalisha chini. Karakana zinazotengeneza valvu za Mtandao zilipoona kila fundi anasubiri dakika kumi na moja, ziliacha kuhangaika na valvu za haraka. Za siku hizi hufunguka zenyewe polepole, kwa dakika kumi. Kwa hiyo leo ukiwasha pampu mapema bila kufungua kwa mkono, unasukuma maji kwenye mlango uliofungwa, na kitu kitapasuka.

"Unaona?" alisema Kivuli. "Kanuni ni ya kweli."

Ilikuwa imekuwa ya kweli. Nilitunga uongo, watu wakautii, mafundi chuma wakautengenezea valvu, na sasa usipoutii unaumia. Zamani nilidhani uongo huoza ukiachwa. Huu ulikuwa umefungwa boliti na kupakwa grisi.

"Sikiliza," nikamwambia. "Ufute. Waambie ulikosea."

"Anayeweza kunirekebisha ni mwalimu mwenyewe tu, mbele ya Baraza."

"Mwalimu mwenyewe ni mimi."

Akanitazama kutoka kule juu kwa huruma. "Wengi husema hivyo," alisema.

*

Ijumaa nilivaa koti la harusi na msiba, nikaenda. Ukumbi wa Baraza ulikuwa na wajumbe saba, na katikati yao mwenyekiti, Bi. Stamili Ngonyani, mwanamke wa sauti ya chini ambaye husemi mbele yake mpaka umemaliza kufikiri. Atukuzwe alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la mbele. Aliponiona mikono mitupu bila daftari, alielewa. Niliona uso wake ukielewa.

"Mzee wetu," alisema Bi. Stamili, "tunaambiwa una neno juu ya kanuni yako."

"Nina neno, Bi. Mwenyekiti. Kanuni hiyo ni ya uongo."

Mjumbe mmoja akaanza kutabasamu, anasubiri kisa.

"Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Umeme ulikatika, nikaenda nyuma ya kituo kula viazi na maharage. Ukarudi, nikasikia, nikaona nimalize sahani kwanza. Msimamizi akanikuta. Akatazama saa, akauliza kwa nini pampu imelala dakika kumi na moja wakati umeme upo. Nikamwambia naitoa hewa tumboni. Akaandika kwenye kitabu cha kituo. Miaka ikapita, nikafundisha. Hakuna kipimo. Palikuwa na viazi tu."

Ukumbi mzima ukacheka. Yule mjumbe akapiga meza, machozi yanamtoka. "Mzee, hii ni nzuri kuliko ya harusi."

Nikasema tena kwamba ni kweli, wakacheka zaidi. Nikaapa, mmoja akaomba kiapo kile kirekodiwe awasikilizishe nyumbani. Nimeishi miaka sabini na moja nikitaka watu wacheke ninaposema, na siku ile nilipotaka wasicheke hawakuweza kuacha.

Aliyewanyamazisha ni Atukuzwe. Aliomba ruhusa, akaenda kwenye ubao, akachora duara. Juu akaandika *wote wanasubiri sawa*. Upande wa kulia, *wote wanawasha sawa*. Chini, *umeme unazidiwa*. Kushoto, *umeme unakatika*, na mshale ukarudi juu.

"Nionyesheni kituo kibaya hapa," alisema. "Mmekagua vituo kimoja kimoja kwa siku tisa, mkatafuta mkosaji. Kila kituo mlichokikuta kimefanya sawasawa, mkakisafisha. Changu kilifanya tofauti, mkasema ndicho. Lakini kilichokata mkono wa Lameki hakimo ndani ya kituo chochote. Kimo kwenye huu mshale. Mafundi mia nne na kumi na moja hawakukosea, na kwa sababu wote walitii kwa pamoja, bomba likapasuka. Grafu ya presha ya kituo changu mnayo mezani. Niambieni ni wapi iliruka baada ya mimi kuwasha dakika ya nne."

Karatasi zikafunuliwa. Haikuruka popote. Kicheko kikaisha kidogo kidogo, kama bomba linalokauka.

Bi. Stamili akaahirisha kwa nusu saa. Akaniita chumba cha pembeni, akanimiminia chai ya tangawizi kwa mkono wake mwenyewe, jambo lililonitisha.

"Nakuamini," alisema. "Natamani nisingekuamini. Mzee, huu ni Agosti. Umeme wetu ni wa upepo, na upepo wa Agosti unavunja mapanga ya mitambo kila mwaka. Umeme utakatika kote tena, huenda wiki hii. Leo hii, ukisema neno tu, naweza kukiamuru Kivuli chako kimpe kila fundi namba yake. Huyu asubiri kumi na mbili, yule kumi na tano, mwingine ishirini, na kila mmoja apewe kisa chake. Watakiamini. Kufikia saa kumi Nyanda nzima iko salama."

"Na Atukuzwe?"

"Kanuni ikibaki kanuni, yeye aliivunja."

"Na ukisema kweli?"

"Nikitangaza leo kwamba mwalimu wao alikuwa anakula viazi, mafundi elfu nne watakuwa hawana wa kumwamini. Umeme ukirudi, wengine watawasha palepale, na valvu zimefungwa. Nitapata kina Lameki wangapi?"

Nitakiri kitu ambacho sikumwambia. Alipokuwa bado anazungumza, akili yangu ilikuwa imeshaanza kutunga. Wa dakika kumi na mbili nilishampa mbuzi aliyemeza nati. Wa kumi na tano nilishampa askofu. Chai haijapoa, nina visa viwili, vyote vitamu, na jina langu limesalia ukutani kwa maandishi mekundu. Kilichohitajika ni mwanamke mmoja apoteze kazi, naye hata asingejua nilivyokubali. Sijawahi kujiogopa kama nilivyojiogopa kwenye kile kiti.

"Mwite aje," nikasema.

Atukuzwe akaja, akasikiliza yote akiwa amesimama. Bi. Stamili hakumficha kitu, hata lile la leseni. Nilitegemea alie au afoke. Akaomba kalamu.

"Si lazima vibadilike vyote," alisema. "Vituo arobaini vya bondeni vina pampu kubwa, ndivyo vinavyovuta nusu ya umeme. Hivyo vikiacha kwenda sawa na wenzake, mzunguko unakatika. Waliobaki waendelee kusubiri kumi na moja kwa sasa, ila waambiwe kwamba ni kwa ajili ya valvu, na ni kwa sasa. Wale arobaini wanahitaji mtu wa kuwaelewesha, kituo kwa kituo, wapime wenyewe. Siku nne."

"Upepo hautasubiri siku nne," alisema Bi. Stamili.

"Huenda usisubiri."

Wote wawili wakanitazama. Nilikuwa mwalimu wa kanuni, kwa sheria yao Kivuli hakiwezi kubadilishwa bila neno langu.

"Kivuli kinyamaze," nikasema. "Simu nitapiga mimi."

"Na akiumia mtu mwingine kabla hujamaliza?"

"Atakuwa wangu, kama Lameki."

Bi. Stamili akakusanya karatasi zake. Kisha akarudi ukumbini, akasoma uamuzi: mhandisi wa 206 hana kosa, leseni yake inabaki, na ataongoza kazi ya vituo arobaini. Hapakuwa na makofi. Mjumbe aliyecheka sana alikuwa anaangalia kiganja chake.

*

Walitupatia meza, simu moja na orodha. Fundi wa kwanza alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote.

"Shikamoo tena, Mzee. Sasa na hii nayo, bibi harusi yuko wapi?"

"Hayupo. Hii ni kweli."

"Ndiyo, Mzee, ndivyo unavyosemaga."

Nikampa Atukuzwe simu. Akaongea naye dakika ishirini: valvu, presha, saa, jirani wa chini, jirani wa juu. Hakusimulia chochote. Ikawa ndiyo kazi yetu. Mimi napiga, najieleza, nachekwa au natukanwa, kisha yeye anafundisha. Fundi mmoja wa miaka mingi alisema tu, "Mimi nimewafukuza vijana wawili kazi kwa dakika hizo," akakata simu, ikabidi tumpigie mara tatu. Siku ya kwanza tulimaliza vituo tisa. Siku ya pili kumi na mbili. Nje upepo ulikuwa umeshaanza kuvuta mabati, na kila taa ilipopepesa tuliitazama wote wawili mpaka itulie.

Siku ya tatu asubuhi nikafika kwenye mstari wa 209. Kilikuwa kituo cha bondeni, na nilikuwa nimekiruka mara mbili. Atukuzwe aliona. Nilitegemea apokee fundi wa muda.

"Kituo cha 209, Mbwilo."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya mtu mwingine. "Lameki," nikasema. "Umesharudi kazini?"

"Nyumbani wananitazama sana. Huku pampu hainitazami. Nani mwenzangu?"

"Zakayo Nyagawa."

Nikasikia pampu ikinguruma nyuma yake.

"Yule mwenyewe, au yule wa miwani?"

"Mwenyewe."

"Nimesikia yote. Fundi wa 211 alinipigia jana." Hakuwa na hasira sautini, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira tu. "Siku ile mara ya tatu, Mzee, nilikuwa nimeshika gurudumu nahesabu. Niliona bomba linatetemeka. Nikajiambia, zimebaki dakika mbili, Mzee anajua."

Atukuzwe akanyoosha mkono achukue simu. Nikatikisa kichwa.

"Sikuwa najua," nikasema. "Nisamehe, Lameki."

"Umenipigia uniambie nisubiri ngapi?"

"Sijui. Hakuna anayejua mpaka upime. Unafungua valvu kwa spana, robo baada ya robo, unabonyeza saa ya kupimia kila robo, unatazama sindano. Pale inapotulia ndipo dakika zako zilipo."

"Spana na saa."

"Ndiyo."

"Kwa wakati mmoja."

Nikafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hakikutoka kitu.

"Mzee, nauliza tu nielewe kazi," alisema Lameki Mbwilo, taratibu, kama mwanafunzi. "Nishike kipi?"

"Shika spana," nikasema. "Saa nitashika mimi."

"Kwa simu hutaona sindano."

"Nakuja huko."

Hakusema nije, wala hakusema nisije. Akakata. Nikamsogezea Atukuzwe orodha, nikavaa koti, nikatoka nje kuuliza gari la kuteremka bondeni linaondoka saa ngapi.